Nje ya Mamlaka Yetu

Siku ya kuniaga mlinunua keki, mkaniomba hotuba, nami nikasema maneno mawili matatu nikakaa. Baadaye mmoja wenu alinifuata hadi ngazini akaniuliza, "Madam, kabla ya sheria kupita, watu wa sarafu za mtandaoni mlikuwa mnawaambia nini?" Nilimjibu kwamba ni habari ndefu na miguu inaniuma. Hii ndiyo habari yenyewe. Nimeiandika kwa Kiswahili, ingawa ripoti zetu zote huandikwa kwa Kiingereza, kwa sababu watu waliokuja kwenye dawati langu hawakulia kwa Kiingereza. Vyeo na mishahara naviacha. Vimo ndani ya faili langu, na anayevitaka akavisome, kama panya hawajamtangulia.

Nilifika Mombasa kutoka Kitui nikiwa na sanduku moja na cheti cha ukarani. Katika ofisi yetu hii ya kusimamia soko la hisa nilipangiwa dawati la malalamiko ya wawekezaji, mahali ambapo hakuna aliyetaka kukaa, kwa kuwa mgeni wa dawati hilo huwa amekasirika tangu kitandani. Mkuu wa dawati alikuwa Bwana Athmani, mwenyeji wa Mji wa Kale, mrefu, mwembamba, na mashati yake yalipigwa pasi mpaka mikono ikawa na makali.

"Subalkheri," aliniambia asubuhi ya kwanza.

"Nzuri," nikajibu.

Akacheka. "Hujaulizwa hali bado, mwanangu. Ukiambiwa subalkheri, nawe warudisha subalkheri. Hali itakuja baadaye, haina haraka."

Hilo lilikuwa somo la kwanza. La pili lilikuwa maji. Juu ya dawati lake palikuwa na jagi na bilauri mbili, na mlalamikaji hakuulizwa jina kabla hajanywa. La tatu lilikuwa daftari. Bwana Athmani alitaka lalamiko liandikwe kwa maneno ya mwenyewe, kisha asomewe polepole, na akisema "sivyo" lifutwe na kuandikwa upya. Mimi nilikuwa nikiandika "mlalamikaji anadai kwamba". Alikuwa akikata mstari kwa kalamu nyekundu. "Yeye hadai kwamba," alisema. "Yeye amesema. Andika alivyosema."

Mwaka wangu wa pili tulimpata muuza vitambaa mmoja wa Bondeni, mzee wa Kihindi, ambaye dalali wake aliuza hisa zake bila kumwuliza. Alikuja mara saba. Kila alipokuja alisimulia upya tangu mwanzo, pamoja na harusi ya bintiye, ambayo haikuhusika kabisa. Mimi nilitamani kujificha chooni. Bwana Athmani alimsikiliza mara zote saba, na mara ya saba ndipo mzee alipotaja kwamba saini iliyo kwenye hati ilitiwa siku ileile ya harusi, wakati yeye alikuwa ukumbini mbele ya wageni wote. Dalali alinyang'anywa leseni. Nataka mkumbuke kwa nini iliwezekana: sheria ilikuwepo, leseni ilikuwepo, palikuwa na kitu cha kunyang'anya.

Kulikuwa pia na muhuri. Nyinyi mmeukuta umepakiwa kwenye sanduku la vitu vya zamani. Ulikuwa wa mpini wa mbao na uliandika NJE YA MAMLAKA YETU. Lalamiko ambalo sheria haikutupa nguvu ya kulishughulikia lilipigwa muhuri huo, mtu akapewa nakala, akaenda zake. Bwana Athmani hakuupenda. Aliuweka droo ya chini kabisa, ili kuutoa kuwe na taabu. "Kabla hujaupiga," aliniambia, "mwonyeshe mtu aende wapi. Jina la ofisi, ghorofa, na amwone nani. Usimwache ngazini."

Alipostaafu alinikabidhi jagi, bilauri na dawati, akarudi nyumbani kwake Mji wa Kale, kwenye nyumba ya wazazi aliyokuwa akiishi na dada yake mjane, Bi Rukia. Bi Rukia alikuwa mshona kofia, zile za mkono zinazochukua miezi. Nilikuwa nikiwatembelea baada ya Idi na kila nilipopata nafasi. Watoto wangu, niliowalea mtaa wa Ganjoni, walimwita Bwana Athmani babu, na mwenyewe hakuwasahihisha.

Kisha zikaja sarafu za mtandaoni.

Lalamiko la kwanza sikulielewa. Mwalimu mmoja alinionyesha simu yake, ndani yake kuna tarakimu zinazopanda, akaniambia hizo ni pesa zake lakini hazitoki. Nilidhani simu imeharibika. Tukaletewa semina, tukaletewa vitabu, tukajifunza kwamba sarafu hizi hazina noti wala benki, zinaishi kwenye daftari lililotawanywa katika kompyuta nyingi duniani. Mwalimu wa semina alikuwa na furaha isiyo kifani. Nilimwuliza, "Mtu akidhulumiwa, humlalamikia nani?" Akasema hilo ni swali zuri sana, akaendelea na picha zake.

Ukweli ni kwamba hapakuwa na wa kulalamikiwa. Sheria yetu ilitaja hisa na hati fungani. Sarafu hizi hazikuwa hisa wala hati fungani. Watu wa benki walisema si fedha halali, kwa hivyo si zao. Polisi walisema wangehitaji kwanza ofisi inayohusika iseme kosa ni lipi. Ofisi inayohusika ilikuwa inatafutwa. Kampuni za ulaghai zilijua jambo hilo kabla yetu, zikafungua maduka yenye vioo na viyoyozi hapahapa mjini.

Sisi tukapewa waraka. Ulisema afisa asitoe maoni yake binafsi juu ya kampuni yoyote ya sarafu za kidijitali, wala asitaje malalamiko yaliyopokelewa, ili ofisi isije ikashtakiwa. Palikuwa na maneno maalumu ya kumjibu anayeuliza. Niliyahifadhi kwa kichwa.

Asubuhi moja simu ya mezani ililia. Watu wawili walikuwa wanangoja kwenye benchi.

"Mwende, mwanangu, u mzima?"

"Mzima, Bwana Athmani. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Bi Rukia akusalimu. Nina suala moja, la kiofisi kidogo." Nilisikia anacheka. "Kuna kampuni ya hizi sarafu za mtandaoni. Wana ofisi, wana karatasi zenye nembo, wana binti mzuri atueleza kwa adabu. Mwawajua?"

Akanitajia jina. Hapa silitaji, halistahili wino. Lakini nililijua. Ndani ya droo yangu, upande wa kulia, kulikuwa na lalamiko la mama mmoja wa Likoni dhidi ya kampuni hiyohiyo. Alikuwa ameomba kutoa pesa zake kwa wiki sita, na kila siku aliambiwa mtambo unatengenezwa.

Nikasema, "Hatujawapa leseni, kwa kuwa hakuna sheria ya kuwapa leseni watu wa aina hiyo. Ofisi haiwasimamii. Umma unashauriwa kuwa na tahadhari."

"Kwa hivyo si kosa kuingia."

"Hakuna sheria inayokataza."

"Basi. Nilitaka kusikia kwako."

"Bwana Athmani, tahadhari tu."

"Tahadhari, naam. Hata kuvuka barabara ni kwa tahadhari." Akaniuliza habari za watoto, akakata simu.

Niliweka mkono wa simu chini nikamwita mtu wa kwanza kwenye benchi. Nimejiuliza mara nyingi kama nilisita. Ningependa kuwaambia nilisita. Nakumbuka tu kwamba nilimkaribisha maji.

Baada ya miezi kadhaa lile duka la vioo lilikutwa limefungwa kwa kufuli, na yule binti mwenye adabu hakujulikana alikokwenda. Watu walikuja kwetu kwa makundi: makuli wa bandarini, wauguzi, mama wa mihogo ya kukaanga wa ufukwe wa Mama Ngina aliyekuja na aproni yake. Tuliwapa vikadi vya nambari ili wasisukumane. Siku ya tatu niliita nambari iliyofuata, na aliyeinuka alikuwa Bwana Athmani. Alikuwa amepanga foleni tangu alfajiri. Kikadi alikishika kwa vidole viwili, na shati lilikuwa limepigwa pasi kama zamani.

"Ungenipigia simu," nikamwambia. "Ungeingia moja kwa moja."

"Na hawa walionitangulia?" Akakaa. "Subalkheri, Mwende."

"Subalkheri."

Fomu huanza na jina. Nilimwuliza jina, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine, naye akanitajia matatu yote, la kwake, la babake na la babu yake, kama mtu nisiyemjua. Kisha akasema, "Andika kama nilivyokufundisha."

Nikaandika. Alisema: "Niliingia kwa hiari yangu. Hakuna aliyenishika mkono. Niliweka kiinua mgongo changu. Nilipoona tarakimu zapanda nikamwambia dada yangu Rukia, naye akaweka akiba ya kofia zake zote. Kisha nikawaambia majirani watatu tunaokaa nao barazani. Walikuwa na shaka. Nikawaambia: mimi nimefanya kazi ofisi ile umri wangu wote, nami nimewauliza, wasema si kosa."

Kalamu ikasimama.

"Andika," akasema.

"Bwana Athmani, si lazima hili liingie."

"Mlalamikaji amesema. Andika alivyosema."

Nikaliandika. Ilipofika wakati wa kumsomea, nilifika kwenye maneno hayo nikakwama. Alinyanyua jagi akanitilia maji, akanisogezea bilauri, akangoja. Watu wa foleni walikuwa wanatutazama. Nikanywa, nikasoma hadi mwisho. Akasema, "Ndivyo."

Nilitaka kumwomba radhi. Nilitaka kumwambia kuhusu lalamiko la mama wa Likoni lililokuwa kwenye droo siku ile. Sikumwambia. Nilisema, "Kuna polisi, dawati la makosa ya mtandao, ghorofa ya pili, umwone—"

"Nimetoka huko. Wameniambia nije kwako."

Basi nikainama hadi droo ya chini nikautoa muhuri. Aliyeniona angedhani natafuta kitu kilichopotea, nilivyokawia kuinuka. Nikaupiga. Akachukua nakala yake, akaipuliza ili wino ukauke, akaikunja mara mbili akaitia mfukoni.

"Umefanya sawa," akaniambia. "Ndivyo sheria ilivyo."

Afadhali angenitukana.

Mlio vijana mnadhani hasara ya sarafu hizi ni pesa. Bwana Athmani alikuwa mtu aliyetembelewa na nusu ya mtaa kuulizwa juu ya hati, mirathi na barua za serikali. Majirani wale watatu waliweka vyao kwa neno lake wakavipoteza, ila hapakuwa na mtu mtaani aliyemdai wala kumfokea. Walimwitikia salamu, na maongezi yakaisha pale alipokaa. Akaacha kwenda barazani. Kisha akaacha msikiti wa mtaa wake, alimoswali babu yake, akawa anatembea hadi Bondeni kuswali kati ya watu wasiomjua. Nilikutana naye njiani mchana mmoja wa jua kali, kanzu imelowa mgongoni. Nikamwambia nimsimamishie tuktuk. Akasema kutembea ni dawa ya sukari yake.

Nyumbani, Bi Rukia aliendelea kumpikia na kumfulia. Hakumtupia neno. Lakini nilipowatembelea, yeye alizungumza nami na nduguye alizungumza nami, na baina yao yalipita maneno ya chumvi na taa tu.

Hatimaye mswada ukaandikwa. Kamati ilipokuja Mombasa kusikiliza maoni ya wananchi, nilipewa kazi ya kutafuta watu watakaoeleza yaliyowapata. Wengi walikataa kwa aibu. Nilimwendea Bwana Athmani bila matumaini, nikamweleza, nikamwambia hatalazimika kusema jina la mtu.

"Itasaidia?" akauliza.

"Itawasaidia watakaokuja."

"Na waliokwisha kuja?"

Kisha, bila kungoja jibu, akaniambia atakwenda.

Ukumbi ulijaa. Walisema mawakili, wakasema vijana wa biashara hizo walioomba wasibanwe sana, na hoja zao si zote zilikuwa mbaya. Mimi nilikuwa meza ya kando naandika kumbukumbu. Bwana Athmani alipoitwa alisimama wima, akawaamkia wote kwa taratibu, akaeleza kwa dakika chache bila kupandisha sauti. Akasema, "Sikuja kuwaomba mnirudishie kitu. Yeo nimekuja kuwaambia kwamba mwizi huyu hakuvunja mlango. Aliingia palipo wazi, ambapo nyinyi hamkutia mlango. Tulipouliza, kila ofisi ilisema kweli, na kweli zile zote zikijumlishwa, zatuacha peke yetu."

Mjumbe mmoja aliyekuwa akipitia karatasi zake akainua kichwa. "Mzee, naona hapa ulikuwa afisa wa malalamiko wewe mwenyewe. Hukuwauliza wenzako kabla ya kuweka pesa?"

Kalamu yangu ilikuwa juu ya karatasi. Bwana Athmani hakunitazama.

"Niliuliza," akasema. "Nikajibiwa kwa mujibu wa sheria."

"Nani alikujibu?"

"Ofisi."

Akawashukuru akakaa. Nami nikaandika: shahidi alisema aliiuliza ofisi. Ndiyo sentensi ya pekee katika miaka yangu yote ya kazi ambayo naionea haya, nayo haina kosa hata moja.

Sheria ilichukua muda wake huko juu. Katika muda huo Bwana Athmani alikatwa kidole cha mguu, kisha mguu, kisha akafa. Sitasema sarafu zilimuua, kisukari alikuwa nacho tangu nilipomjua. Nasema tu kwamba aliacha kujitazama miguu. Mazishi yake yalijaa watu. Wale majirani watatu walikuwa miongoni mwa walioliinua jeneza, na nilijiuliza kama wangemwambia kitu, wangemwambia nini, na kwa nini walingoja mpaka awe juu ya mabega yao.

Miezi michache baadaye sheria ikapita. Niliisoma ofisini nikiwa peke yangu, kifungu kwa kifungu. Ni sheria nzuri, nayo ndiyo mnayoifanyia kazi leo: hakuna kufungua duka la sarafu bila leseni, mali ya mteja iwekwe mbali na ya kampuni, anayetangaza faida aonyeshe na hatari, na mlalamikaji awe na mahali pa kwenda. Nilifika ukurasa wa mwisho nikarudi mwanzo. Nilikuwa natafuta neno moja kwa ajili ya waliotangulia. Halimo, na kwa kawaida haliwezi kuwemo. Sheria huanza kazi siku inapoanza.

Wiki niliyostaafu nilikwenda Mji wa Kale kumwona Bi Rukia. Nilimkuta amekaa mkekani, miwani puani, kofia mkononi. Tukaamkiana, tukaulizana hali mpaka zikaisha.

"Nasikia redioni ile sheria imepita," akasema.

"Imepita, Bi Rukia."

"Na vyetu vitarudi?"

Nilimweleza polepole. Nilimwambia sheria haitazami nyuma. Alinisikiliza sindano ikiwa imesimama hewani.

"Basi nimefanya nini mimi," akasema. "Miaka yote hiyo nakaa naye nyumba moja. Nampikia, namwosha kidonda. Sikumwambia nimemsamehe. Nilikuwa nangojea sheria yenu. Nilisema moyoni, ikipita, vikirudi, nitamwambia ndugu yangu yamekwisha. Nilitaka nimwambie huku nikicheka." Akavua miwani. "Yeye akangoja hata akachoka."

Nilikaa naye. Redio ya jirani ilikuwa inasoma habari. Kisha nikamwambia. Nilimwambia kuhusu ile simu, maneno ya waraka niliyomjibu nayo, na lalamiko la mama wa Likoni lililokuwa ndani ya droo, karibu na mkono wangu, wakati ndugu yake ananiuliza. Nilimwambia kwamba hakuwahi kulijua hilo, kwa sababu sikuwahi kumwambia, na kwamba ukumbini alinificha.

Aliiweka kofia juu ya mkeka. Akauliza, "Alikuuliza kama mtu wa ofisi au kama mwanawe?"

"Alianza kwa kuniita mwanangu."

"Nawe ukamjibu kama ofisi."

"Ndiyo."

"Ungalimwambia tu, usiweke. Usimweleze kwa nini. Neno moja tu, usiweke."

"Angenisikia, Bi Rukia. Najua angenisikia."

"Naam. Angekusikia."

Akaichukua kofia, akatafuta tundu alipoachia, hakuliona, akaiweka tena juu ya mkeka. Nikainuka kuaga. Nilikuwa nimeshafika mlangoni, viatu mguuni, aliponiita.

"Mwende. Mimi sitangojea sheria tena. Lakini yeo siwezi, mwanangu. Yeo naona uchungu. Uje Ijumaa."

Nimeyaandika haya yote leo, Alhamisi.